Moto wa Oktoba na mizizi ya miombo: msitu wa Tabora na Kigoma unavyorudi

Septemba, ukipita barabara ya Tabora kwenda Sikonge, utakuta ardhi nyeusi kwa majivu, nyasi zimekwisha, magome yamebabuka hadi usawa wa kiuno, na juu yake miti inatoa majani mapya yenye rangi ya shaba ilhali mvua haijadondosha hata tone. Wanaoiona hali hiyo hutoa hukumu mbili. Wa kwanza husema moto hauna neno, msitu huu umeuzoea. Wa pili husema msitu umekwisha, ije miche kwa malaki tupande. Wote wawili wanaangalia kilichopo juu ya ardhi, na katika miombo, misitu ya nyanda zenye kiangazi kirefu kama huu, jibu haliko huko.

Tuanze mbali kidogo, kwenye misitu ya misindano ya nchi za baridi, kwa sababu mawazo mengi tunayoyasikia kuhusu kufufua msitu yalizaliwa huko. Msindano ulioungua taji lote umekufa. Ukiacha aina chache sana, miti ya jamii hiyo haichipui kisikini wala mizizini, kwa hiyo kinachoweza kuurudisha msitu ni mbegu peke yake. Mwaka 1988 moto ulipita katika zaidi ya theluthi moja ya Hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Misindano mingi ya huko ni aina ya Pinus contorta, na mingi kati yake hubeba koni zilizofungwa kwa utomvu, zinazokaa mtini miaka mingi bila kufunguka mpaka joto la moto liuyeyushe utomvu ule. Mbegu zilimwagika kwenye majivu na miche ikaota kwa wingi. Kwa aina zisizo na koni za namna hiyo, mbegu lazima itoke kwenye mti uliopona, na nyingi haziruki zaidi ya mita mia moja au mia mbili. Ndiyo maana katikati ya eneo kubwa lililoungua huweza kukaa wazi miaka na miaka. Na hata ile misindano ya koni zilizofungwa hushindwa moto ukirudi kabla miti michanga haijapata umri wa kubeba koni za kutosha.

Wadudu wa huko nao wana tabia yao. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mlipuko wa mbawakavu ulioanza miaka ya 1990 ikielekea mwisho uliua zaidi ya nusu ya ujazo wote wa misindano iliyofaa kwa mbao. Mbawakavu mdogo, asiyezidi ukubwa wa punje ya mchele, hutoboa gome, hutaga mayai chini yake, na mabuu yake hukata njia ya chakula cha mti huku kuvu aliyekuja naye akiziba njia ya maji. Mwaka unaofuata majani yanakuwa mekundu, kisha yanapukutika. Lakini mbawakavu huyo anataka mti mnene wenye gome lenye chakula; miti midogo iliyo kivulini anaiacha, pamoja na miti ya aina nyingine. Hivyo baada ya moto mara nyingi hurudi msindano uleule, na baada ya mbawakavu huibuka ile miti midogo iliyokuwa ikingoja chini, ambayo pengine si misindano kabisa. Madhara mawili, misitu miwili tofauti. Mtu wa misitu wa kule, akifika mahali palipoharibika, huuliza kwanza mbegu ziko wapi na mti gani umebaki.

Kwa miombo swali hilo halina kazi kubwa. Mtundu, muyombo, muba na jamaa zao, ndiyo miti mikuu ya miombo, hutoa maganda yanayopasuka kwa kishindo jua likiwa kali na kurusha mbegu mita chache tu kutoka shinani. Mbegu hizo hazisubiri udongoni mwaka hadi mwaka. Zinaota mvua za kwanza zikinyesha, au zinaliwa, au zinaoza. Hakuna akiba ya mbegu ya kutegemea. Mche ukishaota haukimbilii juu. Unapeleka nguvu zote kwenye mzizi, na kile kishina chembamba unachokiona kinakauka kiangazi kikiingia, au kinaunguzwa, au kinaliwa na mbuzi, kisha kinachipua tena masika. Mche wa mtundu unaweza kuwa na miaka kadhaa na bado uko chini ya goti. Mninga umezidi: kishina chake hufa kila kiangazi na kurudi, pengine kwa miaka kumi au zaidi, mpaka siku mzizi ukiwa na nguvu za kutosha kutoa fimbo moja iliyonyooka inayopanda haraka na kuupita usawa wa moto. Asiyejua akaona vijiti vya sentimita 20 atasema msitu ndiyo kwanza unaanza. Huenda vijiti hivyo vina umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba.

Mzizi ndio ghala. Moto wa nyasi hupita haraka, na udongo ni kizuizi kizuri cha joto; kina cha sentimita tano tu kinatosha kuuokoa mzizi katika moto wa kawaida wa nyasi. Kwa hiyo katika miombo moto mmoja hauui msitu. Kinachoua ni moto unaolikuta ghala likiwa tupu, tena mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo kalenda inapokuja. Mvua za Tabora na Kigoma ni za msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa kawaida haziko mbali sana na milimita 1,000 kwa mwaka. Kuanzia Machi na Aprili majani yaliyokomaa yanatengeneza chakula kingi kuliko mti unavyotumia, na ziada inashuka mizizini. Juni na Julai mti uko katika utulivu, ghala limejaa. Agosti hadi Oktoba, kabla ya mvua, miombo hutoa majani mapya kwa kutumia akiba ileile, na mitundu mingi huchanua wakati huohuo. Moto wa Juni unaukuta mti umejaa akiba, majani ni ya zamani na yangepukutika tu, nyasi zina unyevu, mwali unaishia magotini. Moto wa mwisho wa Septemba au Oktoba unazikuta nyasi zimekauka kama karatasi, upepo ni mkali, hewa ni kavu, na mwali unapita kichwa cha mtu. Unababua majani machanga ambayo yametoka kugharimiwa na akiba yote, pamoja na maua. Mti unalazimika kutoa majani mara ya pili kutoka kwenye ghala lililobaki na makombo. Mti mnene huvumilia. Chipukizi la miaka miwili hufa hadi chini, na mzizi wake unapungua kila inapotokea hivyo.

Mfugaji nyuki wa Sikonge au Urambo ataliona hilo katika asali kabla hajaliona katika miti. Moto wa Oktoba ukipita chini ya mitundu inayochanua, mavuno yanayotegemea maua hayo yamepotea hata kama hakuna mzinga ulioungua.

Jambo hili lilipimwa kwa miaka mingi karibu na Ndola, Zambia, katika miombo inayofanana na yetu ingawa mvua ya kule ni nyingi zaidi kidogo. Vipande vya msitu vilivyotengwa kuanzia miaka ya 1930 viligawanywa: vingine havikuguswa na moto, vingine vilichomwa mwanzo wa kiangazi kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi kila mwaka. Vilivyochomwa mwishoni viligeuka kuwa nyika ya nyasi yenye miti michache mikaidi. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyofungwa kabisa vilijaa vichaka vya kijani kibichi na mimea ya kutambaa, kivuli kikaua nyasi, na vikaanza kuelekea kuwa msitu wa aina nyingine. Kwa hiyo miombo tunayoijua, yenye nyasi chini na mwanga wa kutosha kwa ng'ombe na nyuki, ni zao la moto wa kiasi. Kusema "moto marufuku" kwa eneo zima kunapendeza kwenye bango, lakini katika mazingira yenye warina asali, wawindaji, wachungaji na wasafisha mashamba, msitu uliofungwa miaka minne au mitano bila ulinzi wa kweli unalimbikiza nyasi na majani makavu, na moto ukiingia, huingia Oktoba.

Mahali panapochomwa vibaya kila mwaka msitu haupotei mara moja. Unabadilika aina kwanza. Mtundu na muyombo, ambayo machipukizi yake hayapendi moto mkali, hupungua. Hubaki mninga, ambao ukishakuwa mkubwa una gome nene, na mbula, pamoja na miti iitwayo mlama na mzima, inayochipua bila kuchoka. Ukikuta pori lina milama mingi, nyasi ndefu na mininga mikubwa iliyotawanyika bila mtundu mchanga hata mmoja, hapo moto wa mwishoni umetawala kwa muda mrefu. Kwa mtazamaji wa mbali bado ni msitu. Kwa nyuki, kwa uyoga na kwa fundi wa mbao, ni mahali pengine.

Kuhusu uchomaji wa mapema wenyewe, kwanza ni suala la kibali: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuwasha moto porini kwa hiari yake, na serikali ya kijiji pamoja na ofisa misitu wahusishwe kabla ya kiberiti. Majirani nao wajulishwe siku na upande. Kabla ya kuchoma, pafyekwe na kukwanguliwa hadi udongo njia ya kuzuia moto yenye upana wa mita tatu hadi tano kuzunguka eneo, zaidi kidogo upande unakoelekea upepo; kwa Tabora ya kiangazi upepo mara nyingi hutokea mashariki na kusini-mashariki. Wakati mzuri ni pale nyasi za juu ya vichuguu na ukingo wa njia zimekauka lakini za mabondeni bado zina kijani, kwa kawaida kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai. Moto huwashwa alasiri inayoelekea jioni, upepo ukiwa umetulia, ukianzia kwenye njia upande ambao moto utalazimika kwenda kinyume cha upepo. Umande wa usiku ndio zimamoto wa bei nafuu kuliko wote. Watu wakae na matawi mabichi na madumu ya maji, na asiondoke mtu mpaka magogo yanayofuka yamezimwa, kwa sababu gogo linaweza kushika moto siku tatu na kuuamsha upepo ukibadilika.

Makosa huwa yaleyale. Kuwasha saa nne asubuhi, jua likipanda na upepo ukiamka. Kuwasha pande zote nne kwa pamoja, jambo linalofanya mioto ikutane katikati kwa nguvu iliyoongezeka maradufu na kubabua mataji. Kuchoma eneo zima mwaka mmoja, wakati faida iko kwenye viraka: kipande kilichoungua Juni ndicho kitakachousimamisha moto wa Oktoba usifike kipande kisichoungua. Na kosa linaloudhi zaidi, kuchoma kipande kilekile kila mwaka kwa sababu ndiko kuliko karibu. Chipukizi linahitaji kupanda hadi mita mbili au tatu na kupata gome la kutosha ili tabaka hai lililo chini ya gome lisifikie nyuzi 60 za Selsiasi, ambazo zinatosha kuliua. Kwa machipukizi ya kisikini hiyo ni kama miaka mitatu hadi mitano. Kipande chenye machipukizi ambayo hayajatimiza umri huo kirukwe, hata moto wa mapema usiguse.

Sasa wadudu. Miombo haina mbawakavu wa kufyeka msitu mzima kama wa Kanada. Ina viwavi. Katika baadhi ya miaka, kuelekea mwisho wa masika, viwavi wa nondo wakubwa huvua majani ya miti ya mtundu na muba kwa eneo kubwa, na msitu unabaki mtupu Machi au Aprili, watu wakadhani ni ugonjwa. Kwa mti mzima ni hasara ya mwaka mmoja: ukuaji unapungua, maua ya msimu unaofuata huwa haba, samadi ya viwavi inarudisha rutuba chini, na mti unatoa majani tena. Hatari iko kwenye kufuatana. Viwavi wanapokula majani Machi, wanakula kiwanda wakati uleule ambao ghala lilipaswa kujazwa. Moto mkali ukija Oktoba ya mwaka huohuo, mti umelipa mara mbili bila kuingiza kitu. Kwa hiyo kijiji kikiona msitu wake umevuliwa na viwavi, kazi yake mwaka huo ni moja, kuulinda usiungue mwishoni mwa kiangazi. Kupulizia dawa hakuna maana, na kunaua nyuki.

Mchwa ana shughuli nyingine. Mara nyingi anakula kilichokufa tayari: kovu la moto chini ya shina ndilo mlango wake, hutoboa moyo wa mti, na mti wenye tundu ukiguswa na moto wa baadaye huwaka kwa ndani kama bomba la moshi mpaka uanguke. Miti mingi mikubwa inayodondoka Tabora baada ya moto haikuuawa na moto wa mwaka ule. Ilijeruhiwa miaka mingi nyuma.

Ukifika mahali palipoungua au palipokatwa, usihukumu kabla ya mvua moja kupita. Kwanguza gome kwa kisu: chini yake pakiwa na unyevu na rangi ya kijani au nyeupe safi, sehemu hiyo hai, pakiwa na kahawia kavu, shuka chini ukwanguze tena. Mara nyingi shina limekufa juu na sehemu yake ya chini kabisa iko hai. Januari hesabu visiki vyenye machipukizi. Vikiwa vingi kuliko visivyonacho, usipande kitu. Kisiki kilichokatwa chini, sentimita 10 hadi 30 kutoka ardhini, kwa mkato safi unaoteremka ili maji yasituame, hutoa machipukizi yaliyoshikamana vizuri na shina. Kisiki kirefu hutoa mengi lakini yanang'oka kwa upepo. Mwaka wa kwanza yatakuwa kumi au zaidi. Yaache yashindane misimu miwili au mitatu, kisha bakiza mawili au matatu yaliyonyooka na yanayotokea chini kabisa. Ukiyapunguza mapema mno unaondoa kinga: mbuzi na moto watachukua yale machache uliyobakiza.

Hivi ndivyo ilivyotokea kwenye vilima vya Kigoma jirani na Gombe, ambako TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall wa kurudisha misitu, ulianza mwaka 1994. Maeneo ambayo vijiji viliyatenga kuwa hifadhi na kuyakinga na moto na shoka yalirudisha miti kutoka kwenye visiki vilivyoonekana vimekufa. Kaskazini mwa Tabora, kwa majirani zetu wa Shinyanga, mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulitumia ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, kwa mantiki ileile, ingawa ile ni nchi ya migunga zaidi kuliko miombo.

Ujazo wa kuni hurudi katika miaka 20 hadi 30 kama mizizi ilikuwapo na moto umedhibitiwa. Mchanganyiko wa miti huchelewa zaidi. Uyoga nao ni kipimo: mtundu, muba na mkusu huishi kwa ushirika na kuvu wa mizizini, na uyoga mwingi wa kuliwa unaouzwa kando ya barabara za Tabora wakati wa masika ni matunda ya kuvu hao. Misindano nayo ina ushirika wa namna hiyo. Ilipoletwa Afrika, vitalu vingi vilidumaa mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake. Wanaopanda misindano kwenye nyanda za Kasulu na Buhigwe wanajua kwamba shamba la namna hiyo lina sheria nyingine: gome la Pinus patula ni jembamba, moto mmoja unatosha, hakuna chipukizi, ni kupanda upya. Njia za kuzuia moto huko ziwe pana zaidi, mita kumi na kuendelea, na zikwanguliwe kila mwaka kabla ya Julai.

Mahali miombo isiporudi yenyewe ni pawili. Pa kwanza ni alama ya tanuru la mkaa, ambapo joto la siku nyingi limepika udongo na kuua mizizi yote chini yake. Eneo lenyewe ni dogo, kwa hiyo matanuru yajengwe palepale pa zamani badala ya kufungua alama mpya kila mara. Pa pili ni pakubwa, shamba la tumbaku lililong'olewa visiki na kulimwa kwa trekta au plau. Shamba la jembe la mkono lenye visiki vilivyoachwa kati ya matuta linaweza kuwa msitu tena. Lililong'olewa halina ghala, na mbegu zitaingia mita chache tu kutoka ukingoni kwa mwaka.

Hapo ndipo kupanda kuna haki yake. Mbegu za mtundu na muba ziokotwe mara maganda yanapopasuka, zisiwekwe stoo mpaka mwaka mwingine, zipandwe moja kwa moja shambani mvua zikishashika, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita mbili, pamoja na konzi ya udongo uliochukuliwa chini ya mtundu ulio hai ili kuvu aje nao. Kila shimo lichomekwe kigingi, na vigingi vibaki miaka mitano au sita. Kiangazi cha kwanza kila mche utakauka juu, na mpaliliaji asiyeona kigingi ataung'oa mwaka wa tatu akidhani ni gugu.